Jumamosi 11 jikoni kwa vijana wa mwaloni, Kigoma

Siku ya kwanza msimamizi hakuniuliza cheti wala dini. Aliuliza, "Mama, wiki ijayo utarudi?" Nilimwitikia bila kufikiri. Sasa nimefikisha Jumamosi 11 kwenye nyumba hii ya kulala vijana wasio na makazi, hapa Mwanga, na nimeona niwaandikie mnaotaka kujitolea.

Wengi walikuwa wakilala mwaloni Kibirizi, pembeni ya mitumbwi. Wengine wameletwa na treni. Reli ya kati inaishia Kigoma tangu mwaka 1914, na aliyeipanda bila kujua aendako hushukia hapa, mbele yake ziwa.

Kazi ni ngumu, nasema kweli. Jiko ni la kuni, nje, chini ya bati. Ugali wa muhogo wa watu zaidi ya 30 unataka mwiko mrefu na mgongo mzima. Maharage tunayaunga kwa mawese (mafuta mengine wanakula, lakini sufuria hairudi tupu). Kazi ninayoipenda ni kuchambua dagaa. Wale walioanikwa chini huja na mchanga, basi tunakaa kwenye mkeka na ungo, mimi na vijana wanne watano. Kanuni ya nyumba ni kutomuuliza mtu katoka wapi. Lakini mikono ikiwa kwenye dagaa, mtu huanza mwenyewe. Kijana mmoja alinisimulia habari za mama yake mpaka ungo ukaisha, nami sikumkatiza.

Kilichonipa imani ni utaratibu wao. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa hiyo hupelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii, na ndugu zake hutafutwa. Hakuna anayefichwa hapo.

Kasoro zipo. Vyandarua vimechanika, choo ni kimoja. Linaloniuma zaidi ni wageni wa sikukuu. Idi iliyopita walifika kundi zima na mchele, soda na simu za kupigia picha. Mtoto mmoja alivuta shati akafunika uso, na hakuna aliyewazuia wale watu. Nilimweleza msimamizi waziwazi: mlango uwe na masharti. Jumamosi iliyofuata tulikuwa wawili tu jikoni.

Wiki moja sikwenda, mwanangu aliugua. Niliporudi, yule kijana wa dagaa hakunisalimia. Alisukuma ungo upande wangu, akasema, "Tulikuwekea nafasi, shangazi." Kwa hiyo kama una Jumamosi moja tu, peleka unga, uende zako kwa amani. Ukiwa na saa tatu kila wiki, nenda ukae.

Natoa nyota nne kati ya tano. Wiki hii nabeba cherehani. Kuna mashati tisa hayana vifungo.