Mchanga wa paka wa kuganda wenye marashi na choo cha mfuniko: kwa katoto ka paka msinunue (Moshi)

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni kwa ajili ya paka wakubwa. Kama una katoto ka paka nyumbani ka wiki saba, nane, tisa hivi na kanakojoa kwenye zulia, nyuma ya kochi, kwenye tenga la nguo chafu, kila mahali isipokuwa kwenye choo ulichokanunulia, soma hii kabla hujatoa hela nyingine, maana mara nyingi tatizo liko kwenye hicho choo na huo mchanga, katoto kenyewe hakana shida.

Naongelea ile seti inayouzwa siku hizi kwenye maduka ya chakula cha mbwa na paka, Moshi ipo na Arusha ipo: mfuko wa mchanga wa bentonaiti ule unaoganda ukikojolewa, umewekewa harufu ya maua, pamoja na choo cha plastiki chenye paa na kamlango ka kusukuma. Kampuni siitaji na duka silitaji, nazungumzia aina ya bidhaa. Muuzaji aliniambia "dada hii ni ya umri wowote, we weka tu atajifunza mwenyewe". Hajifunzi jamani, na sababu zipo wazi kabisa ukikaa ukamwangalia paka mwenyewe.

Tuanze na harufu. Yale marashi yamewekwa kwa ajili ya pua ya mwenye nyumba, paka hajaulizwa. Paka ananusa kwa ukali kuliko sisi kwa mbali sana, alafu katoto kanaingiza uso mzima mpaka puani pawe karibu kugusa mchanga. Mbege wetu (tumempa hilo jina la pombe ya ndizi ya huku kwetu kwa ile rangi yake ya kahawia) alikuwa anafika pale mlangoni ananusa, anapiga chafya, masikio yanalala nyuma, anarudi kinyumenyume, alafu anaenda zake kwenye kona ya sebule anakwaruza zulia, anazunguka, anachuchumaa. Yaani anajua kabisa kwamba anatakiwa kuchimba na kufukia, hiyo anazaliwa nayo, kuanzia wiki ya tatu au ya nne paka anaanza kutafuta mahali pa kuchimba bila kufundishwa na mtu. Alichokuwa anakikataa ni kile choo tu.

Alafu kizingiti chake ni kirefu mno. Kwa paka mzima si kitu, kwa katoto kinafika kifuani, na kibofu cha katoto ni kadogo mno, kakibanwa hakana muda wa kupanda ukuta na kusukuma mlango kwa kichwa. Kamlango kenyewe kanarudi kwa nguvu kanakapiga mgongoni, kakishapigwa hako kamlango mara moja ndio basi, hakarudi. Na paka akiwa anajisaidia anataka aone nani anakuja, ukimfungia kwenye kiboksi chenye tundu moja anaona amenaswa, hasa kama nyumba ina watoto wanaokimbia. Paa lile linafungia hewa pia, wewe uliyeko nje husikii harufu unasema choo ni kisafi, kumbe kwa ndani ni balaa.

Lakini kilichonifanya nikatae kabisa ni huo mchanga wa kuganda wenyewe. Watoto wa paka wanaonja kila kitu, mchanga wanautafuna, na wakishatoka chooni wanalamba miguu. Bentonaiti ikikutana na maji inavimba na kushikana, ndio kazi yake, sasa fikiria inafanya hivyo kwenye utumbo wa kiumbe kisichofika hata kilo moja. Wataalamu wa mifugo wanashauri mchanga wa kuganda usitumike kabla paka hajafika kama miezi mitatu minne, na hili muuzaji alitakiwa alijue. Mimi nilishika mguu wa mbele wa Mbege nikakuta katikati ya vidole kuna vipunje vya kijivu vimekauka vigumu vimeshika manyoya, ukivuta analia, ikabidi nivilainishe na kitambaa cha maji ya uvuguvugu kimoja kimoja. Seti nzima ikaenda stoo siku hiyo hiyo.

Sasa kilichofanya kazi, na hiki nakipa nyota tano bila kusita: dumu na maranda.

Lile dumu la mafuta ya kula la lita 20, mpe fundi alilaze, akate ubavu wa juu wote, alafu upande mmoja ashushe ukingo mpaka ibaki kama sentimita tano tu kutoka chini, hapo ndio mlango. Makali ya plastiki lazima yapitishwe moto au msasa maana yanachana. Lisuguliwe na sabuni mpaka mafuta yaishe kabisa. Kama huna dumu, beseni la chini chini linatosha. Maranda unapata kwa mafundi seremala, mimi nachukua kwa mafundi wa Majengo, kiroba kizima wanakupa kwa buku la soda au hata bure ukiwasaidia kufagia karakana.

Hapa kwenye maranda mnisikilize vizuri kwa sababu si yote yanafaa. Muulize fundi leo amepiga randa mbao gani. Huku kwetu mbao nyingi ni paina na saiprasi, mashamba ya miti ya serikali yako West Kilimanjaro na Rongai, na hizo zikiwa mbichi zina harufu kali ya utomvu, paka atakataa na kifua chake kitasumbuka, chukua ya mbao iliyokauka sawasawa. Na mbao zilizopigwa dawa ya wadudu, zile za kupaulia zenye rangi ya kijani kijani, maranda yake usiyaguse kabisa, dawa ile ni sumu na katoto kitalamba. Chukua yale mapande yaliyojikunja, unga wa msumeno uache kwa fundi, unapaa unaingia machoni na mapafuni. Nikifika nyumbani napitisha kwenye chekeche la wavu mpana, vumbi linadondoka chini, yanabaki yale laini. Weka kimo cha vidole viwili vitatu tu, yakiwa mengi katoto kanazama.

Na kwa siku za mwanzo nilichanganya na mchanga wa mto uliooshwa na kuanikwa juani, ule mweusi wa huku mlimani, kwa sababu chini ya makucha mchanga ndio unamwambia paka hapa pa kuchimba. Mbege aliingia, akanusa, akachimba, akakojoa, akafukia. Mimi na wanangu tulikuwa tumejibanza mlangoni tunaangalia, mdogo akataka kupiga makofi nikamziba mdomo.

Watu wametuambia vitu vingine pia. Jirani anatumia pumba za mpunga kwa kuwa zimejaa kule Mabogini na Chekereni, nimejaribu, hazinyonyi kabisa, mkojo unapita unatuama chini, na ni nyepesi zinaruka mpaka jikoni. Majivu ya jikoni bibi zetu wametumia miaka yote na harufu kweli yanaua, lakini majivu yakilowa yanatoa magadi, yanachoma nyayo laini za katoto na ulimi kikijilamba, kwahiyo hapana. Magazeti yaliyochanwa vipande yanasaidia kwa dharura tu.

Choo kizuri bila utaratibu nacho hakitoshi. Mweke katoto chumba kimoja kidogo kwanza, usimwachie nyumba nzima, kwenye nyumba nzima kakibanwa hakakumbuki choo kiko wapi. Chakula upande huu choo upande ule, paka hali karibu na choo, hata binadamu hafanyi hivyo. Usiweke karibu na friji inayoguruma wala mlango unaopigwapigwa. Akitoka kula, akiamka, akimaliza kucheza, mbebe taratibu mweke chooni uondoke, nyakati hizo tatu ndio anabanwa. Choo kiwe zaidi ya kimoja, kanuni wanayotumia wataalamu ni idadi ya paka jumlisha kimoja, kwahiyo paka mmoja vyoo viwili. Ukisafisha acha kidonge kidogo cha maranda yenye harufu yake siku za mwanzo, inamkumbusha. Na kile kitendo cha kumshika shingo ukamsugua pua kwenye mkojo wake acheni jamani, acheni kabisa, paka haunganishi adhabu na kosa, anachojifunza ni kwamba wewe ni hatari, kesho atajificha nyuma ya kabati akojoe huko ambako hutapaona mpaka nyumba inuke.

Kuhusu zulia. Mkojo wa paka ukikauka unaacha chembechembe za asidi ya yuriki ambazo maji peke yake hayaondoi, ukipata unyevu harufu inarudi, na Moshi kipindi cha masika au baridi ya mwezi wa sita na wa saba unyevu unao tu. Akinusa harufu yake pale anarudi pale pale. Kamua kwa kitambaa, osha na sabuni ya unga ambayo pakiti yake imeandikwa ina enzaimu, suuza, alafu siki nyeupe iliyochanganywa na maji, anika juani. Epuka dawa zenye amonia maana mkojo nao unanuka amonia, utakuwa umemwekea alama. Na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe ukizimimina kwenye maji ni sumu kwa paka, ini lake haliwezi kuzichuja, usipakae sakafu anayotembea. Jiki na siki usivichanganye, vinatoa hewa ya sumu hata kwako wewe.

Huduma ya daktari wa mifugo naomba niisifie hapa, alikuja nyumbani kwa bodaboda na begi lake, hana haraka, nyota tano. Tulimwita kwa sababu mkojo ulishapata mahali pake lakini kinyesi bado, chepesi, na kilikuwa kinamponyoka kabla hajafika chooni. Jambo la kwanza kuuliza lilikuwa "anakunywa nini?" Maziwa ya ng'ombe, kila mtu anampa paka maziwa. Akasema "mama, mwachishe leo leo, mpe maji", paka akishaanza kuachishwa kunyonya uwezo wake wa kumeng'enya sukari ya maziwa unapungua na wengi wanaharisha. Akampima kwenye mizani ya jikoni ndani ya bakuli, akatoa dawa ya minyoo kulingana na uzito huo, akaeleza kwamba watoto wa paka wanapewa kila baada ya wiki mbili mpaka wafike wiki nane, na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia wiki kumi na mbili. Akatuonya tusije tukampa paka panado, hata kipande, paracetamol inaua paka. Na akasema ukiona anachuchumaa anakamua hakitoki kitu, analia, au kuna damu, usisubiri kesho, hasa dume, njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache.

Kwa nyumba yenye mjamzito, na wifi yangu alikuwa hapa akiwa na ujauzito ndio maana tulilifuatilia: kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vinavyoitwa toksoplazma, vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vimelea hivyo vikishatoka vinahitaji kati ya siku moja na tano ndio viweze kuambukiza, kwahiyo choo kizolewe kila siku, azoe mtu mwingine, mikono ioshwe na sabuni. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Na maranda yaliyotumika msitupe kwenye mchicha wala kihambani chini ya migomba, najua mkono unawasha kuona mbolea inapotea, lakini mayai ya hivyo vimelea yanakaa hai kwenye udongo miezi mingi. Funga kwenye mfuko, gari la taka libebe.

Sasa zile nyota mbili. Mbege alipovuka miezi minne nikautoa ule mchanga stoo nikamchanganyia kidogo kidogo kwenye maranda, nikawa naongeza polepole, kwa sababu paka akibadilishiwa ghafla anagoma. Kuganda kweli unaganda, unachota bonge unatupa, sebule hainuki, kazi ya kusafisha inapungua sana. Choo nimekitoa paa na kamlango, natumia sehemu ya chini tu, ile iko imara. Kama unauza hivi vitu, tafadhali muulize mteja paka wake ana umri gani kabla hujampa, na kama unanunua kwa ajili ya paka mkubwa tafuta mfuko usio na marashi, upo, Arusha nimeuona na bei haipishani sana. Ukishaufungua uumwage kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, masika unavuta unyevu unagandia humo humo kwenye mfuko hata paka hajaugusa.