Dodoma kwa SGR kumfuata Mnyama, na mzee wa miaka 68

Baba yangu ni shabiki wa Simba, klabu ya soka ya Dar es Salaam tunayoiita Mnyama, wa tangu klabu inaitwa Sunderland. Jina lilipobadilishwa mwaka 1971 alikuwa mtoto wa shule, na mwaka 1993 alikuwepo uwanjani siku Stella Abidjan wa Ivory Coast walipotufunga mbili kwenye fainali ya Kombe la CAF, shirikisho la soka la Afrika, hapa hapa Dar es Salaam. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwekea Azam TV sebuleni ukasema yametosha. Kwa Mkapa, uwanja wetu wa nyumbani, tunakwenda naye. Mechi za mikoani alikuwa ameziacha miaka kadhaa, na sababu haikuwa pesa wala mapenzi. Ni magoti. Kukaa mchana kutwa kwenye kiti cha basi, dereva anasimama anapotaka yeye, choo ni vichakani au cha kulipia penye foleni ndefu, mzee hawezi tena.

Kwa hiyo ninavyoipima treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, kutoka Dar hadi Dodoma, naipima kwa kipimo kimoja: je, inamfikisha shabiki mzee kwenye mechi ya ugenini na kumrudisha nyumbani akiwa mzima na mwenye furaha? Jibu langu ni ndiyo, na nampa kila aliyeijenga reli ile shukrani zangu. Lakini treni ni nusu ya safari tu. Ile nusu nyingine iko nje ya stesheni, na huko ndiko watu wanakoharibikiwa.

Safari za abiria hadi Dodoma zilianza tarehe 25 Julai 2024. Miezi miwili baadaye, Jumapili ya tarehe 29 Septemba, Simba walikuwa na mechi ya ligi na Dodoma Jiji pale uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Nilipomwambia baba tunakwenda, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa basi?" Nikamwambia kwa treni. Akaenda kutafuta kofia yake nyekundu.

Tiketi nilikata kwenye tovuti ya TRC, Shirika la Reli Tanzania, na kulipa kwa simu. Nauli ya treni ya kawaida, daraja la kawaida, ni shilingi 31,000 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Mtoto wa miaka minne hadi 12 analipa nusu, 15,500. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, na kitambulisho chenyewe mkibebe, hata cha mzee. Zipo treni za haraka na madaraja ya juu yenye bei zake, lakini kwa safari ya mpira sikuona haja. Tofauti ya bei niliiweka kwenye chumba cha kulala, na kwa mtu mwenye mzazi ningemshauri afanye hivyo hivyo.

Jambo moja ambalo mashabiki wengi hawalifikirii: siku gani ya kusafiri. Watumishi wengi wa Dodoma familia zao ziko Dar. Ijumaa wanateremka, Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi wanapanda kurudi Dodoma. Ukiondoka Dar Jumamosi asubuhi na kurudi Jumatatu asubuhi, unakwenda kinyume na wimbi lao, na viti unapata. Anayetaka kwenda Jumapili na kurudi Jumapili ileile anajitafutia presha bure, tena mechi zenyewe nyingine zinachezwa jioni. Chukua ruhusa ya Jumatatu. Mimi nilimwomba bosi wangu wiki mbili kabla, akanielewa, maana na yeye ni Msimbazi, Simba mwenzetu.

La pili, ratiba ya ligi. Timu zetu zikiwa kwenye mashindano ya CAF, Bodi ya Ligi husogeza mechi mara kwa mara, na sote tunakumbuka dabi ya Simba na watani wetu Yanga ya tarehe 8 Machi 2025 ilivyoahirishwa siku yenyewe ya mechi, watu wameshafika kutoka mikoani. Mimi huwa nasubiri mpaka timu icheze mechi yake ya kabla, ndipo nakata tiketi. Safari ile Simba walikuwa wametoka kuwafunga Azam kule Zanzibar Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikalipa.

Stesheni ya Dar iko mjini kabisa, ukishuka kituo cha basi cha Gerezani si mbali. Jengo lile limechorwa kwa mfano wa jiwe la Tanzanite na mzee alisimama nje kulitazama hadi nikaanza kuangalia saa. Ndani kuna lifti, na hilo peke yake lilinitosha kuanza kuhesabu nyota za kuipa safari hii. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, tiketi inakaguliwa, kitambulisho kinakaguliwa, na geti hufungwa kabla treni haijaondoka. Saa mbili kabla si mapema mno, hasa ukiwa na mtu anayetembea polepole.

Kiti ni kizuri, mgongo unakaa sawa. Tulikaa upande wa njia ya kupita ili anyooshe mguu, na kila baada ya muda alinyanyuka akatembea mpaka mwisho wa behewa na kurudi, kitu ambacho kwenye basi hakiwezekani. Choo ni kisafi na kiko hatua chache. Vitafunwa na vinywaji vinauzwa ndani. Kiyoyozi kinapuliza kweli kweli, kwa hiyo mbebee mzee sweta au hata khanga ya kujifunika miguu. Treni ile imejengwa kufika kilomita 160 kwa saa na chai ya baba haikumwagika hata tone.

Behewa letu lilikuwa na nyekundu nyingi. Vijana walianza nyimbo kabla hata ya Pugu, "Ubaya Ubwela", kaulimbiu ya Simba, ndiyo ilikuwa habari ya msimu ule. Mhudumu akaja akawaambia kwa upole, "Jamani Simba, kuna watoto wamelala." Wakashusha sauti mpaka Morogoro. Hapo Morogoro akapanda kijana mmoja na jezi ya Yanga, akaketi ng'ambo yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe unakwenda Dodoma kufanya nini, timu yako haichezi?"

"Nakwenda kuwashangilia Dodoma Jiji, mzee wangu."

Kuanzia hapo hawakunyamaza. Ya 1993 yalitajwa, na baba naye akayajibu yote kwa miaka na majina. Kilosa ilipofika, treni ikaanza kuingia na kutoka kwenye mahandaki ya ile milima, gizani utani unaendelea. Baba alisafiri na reli ya zamani akiwa kijana, usiku kucha kutoka Dar, na pale Kilosa ndipo maji ya mvua yalipokuwa yakiikata njia. Alimsimulia yule kijana habari hizo mpaka Gulwe. Kama saa nne tangu tuondoke, tukawa Dodoma.

Sasa ile nusu nyingine. Stesheni ya Dodoma iko Mkonze, nje ya mji, na uwanja wa Jamhuri uko mjini. Treni inamwaga mamia ya watu kwa mara moja, na madereva wa bajaji na teksi wanajua mna haraka. Wa kwanza alitaka 15,000. Nilimwambia baba tukae kwenye kivuli, tukanywa maji, umati ukapungua, tukapata bajaji kwa 7,000 bila kugombana na mtu. Subira ya robo saa inapunguza bei kwa nusu. Na huyo dereva aliyewapeleka vizuri, chukueni namba yake ya simu hapo hapo, ndiye atakayewarudisha Jumatatu alfajiri wakati daladala za kuaminika hakuna.

Malazi ndiyo yaliyoniudhi. Gesti moja karibu na mjini, ambayo sitaitaja, nilikuwa nimeiwekea nafasi kwa simu na kueleza wazi kwamba nina mzee, nataka chumba cha chini. Tulipofika, vya chini vyote vilikuwa vimeshauzwa kwa walioingia na pesa mkononi. Sisi tukapewa ghorofa ya pili, lifti hakuna, na maji ya bomba yalitoka saa chache tu kwa siku. Siku za Simba au Yanga kuja, Dodoma vyumba vinagombaniwa. Tuma malipo ya awali, omba risiti kwa ujumbe wa simu, na andika kwenye ujumbe huo huo neno "chumba cha chini". Jumapili tulihama, tukapata nyumba nyingine ndogo ya kulala wageni, 35,000 kwa chumba, mama mwenye nyumba akamletea baba maji ya moto ya kukanda magoti bila kuombwa. Hayo ndiyo mambo yanayomfanya mtu arudi.

Jumamosi ile ile tulikwenda mnada wa Msalato, barabara ya Arusha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mashabiki wengi huja Dodoma, wakala chipsi, wakaondoka. Mnada ule ni wa Jumamosi. Upande mmoja wanauza ng'ombe na mbuzi, kwingine mitumba na ndoo na masufuria, na katikati ya yote kuna moshi. Unachagua nyama mbichi ikiwa imening'inia, mbavu au mguu wa mbuzi, unakubaliana bei, wanaitunga kwenye mti mrefu na kuisimamisha kando ya moto, si juu ya moto. Inaiva polepole, mafuta yanadondoka pembeni, nje inakauka, ndani inabaki laini. Inakatwa juu ya ubao mbele yako, chumvi na pilipili kando, ugali au ndizi za kuchoma. Hakuna sahani ya urembo. Mama aliyetuuzia kachumbari alimsalimu baba kwa Kigogo, "Mbukwa!", na baba, aliyewahi kuishi na Wagogo kambini JKT, akamjibu vizuri kabisa, tukaongezewa limao. Mzee wangu huwa anakula kidogo siku hizi. Pale alikula. Kama ningeambiwa nichague sababu moja ya kwenda Jumamosi badala ya Jumapili asubuhi, ningetaja Msalato kabla ya kutaja kitu kingine chochote.

Uwanjani. Jamhuri si Mkapa. Sehemu kubwa ya majukwaa iko wazi, jua la Dodoma ni kali na mwezi Septemba upepo unapeperusha vumbi jekundu mpaka machoni. Kiingilio kinapangwa na timu mwenyeji na siku ya Simba hakiwi rahisi, lakini kwa mzee lipia jukwaa lenye paa. Hapo usibane matumizi. Ingieni mapema kabla geti halijaanza kusukumana, na kwa akina dada wenzangu, jueni choo kiko wapi kabla ya kukaa. Tulipoketi, ungedhani tuko nyumbani, nyekundu na nyeupe kila upande. Wenyeji walikuwa na kona yao, na ndani ya kona ile kulikuwa na watu wengi wenye jezi za kijani na njano za Yanga, akiwemo bila shaka yule rafiki yetu wa Morogoro.

Mpira wenyewe ulikuwa mgumu. Dodoma Jiji walikaa nyuma na kupambana, na Simba walionekana wana uchovu wa Zanzibar miguuni. Kipindi cha pili ikaja penalti, Jean Charles Ahoua akaiweka wavuni, 1-0, na hivyo ndivyo ilivyoisha. Baba alisimama kwa ile penalti bila kushika bega langu. Sikumwambia kitu, nilimwacha asimame.

Filimbi ya mwisho ikilia, kaeni. Acheni vijana watoke na ngoma zao. Sisi tulibaki mpaka majukwaa yakawa nusu, tukatoka tukitembea, na nje ya uwanja tukanunua zabibu za kwenda nazo nyumbani. Jumatatu dereva wetu alikuja kwa wakati, na treni ya kurudi baba alilala kutoka Igandu mpaka Ruvu.

Nimeshakwenda tena kwa njia hiyo, na msimamo wangu haujabadilika. Kwa treni natoa nyota tano bila kusita. Kwa safari nzima, ukipangilia malazi vizuri, nne na nusu. Ile nusu itarudi siku usafiri wa uhakika wenye bei iliyoandikwa utakapowekwa kati ya Mkonze na mjini. Kijana wa miaka 22 mwenye rafiki zake, coaster, lile basi dogo linalokodiwa na tawi la mashabiki, bado ina raha yake, ngoma na vuvuzela usiku kucha, wala simkatazi. Ila kama nyumbani kwako kuna mzee aliyeacha mechi za ugenini, Dodoma sasa anaifika.

Reli inaendelea kujengwa kuelekea Mwanza, walipo Pamba Jiji, na kutoka Tabora kwenda Kigoma, walipo Mashujaa. Baba ameshaniuliza Kigoma ni lini.