Mnunuzi mgeni mnadani: umzuie au umwelekeze?

Wachongaji wa Bagamoyo wanaouza masanduku yao kwenye minada ya mtandaoni, wengi kupitia ndugu walioko ughaibuni, hulirudia swali hili: mwenye akaunti mpya azuiwe kupanda dau, au apokewe na kuelekezwa?

Kwa uhakika wa malipo, kuzuia kunashinda. Kwenye eBay muuzaji husubiri siku 4 kabla ya kufuta mauzo yasiyolipiwa, na tangu 2008 hawezi kumpa mnunuzi maoni mabaya, hivyo kinga yake kubwa ni masharti anayoyaweka kabla ya mnada.

Kwa bei, hata hivyo, kuzuia kunaumiza, kwa sababu dau hupanda pale watu wawili wanapokitaka kitu kwa dhati, na wa pili huenda akawa huyo mgeni. Niliwahi kuuza sanduku la mninga lenye njumu za shaba; mshindi, aliyekuwa akinunua kwa mara ya kwanza, alinyamaza siku mbili, nami nikajiandaa kulalamika, kumbe hakujua kwamba gharama ya usafirishaji haimo katika dau lake. Nilimwandikia mistari mitatu yenye jumla ya fedha, siku ya mwisho ya kulipa na vipimo vya sanduku kwa sentimita, akalipa jioni ileile.

Kuelekeza hula muda, kuzuia hakuli. Mwenye kipande kimoja cha thamani anayehitaji fedha haraka ana haki ya kuzuia. Anayeuza vitu vidogo vingi na kutafuta wateja wa kudumu afadhali apokee, mradi gharama ya usafirishaji iandikwe juu kabisa ya tangazo.