TAHADHARI: Safari za kuwinda swala zinazouzwa Dodoma kwa simu

Ndugu zangu wa Dodoma, Chemba, Kondoa mpaka Manyoni, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna jamaa anasambaza tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp: safari ya wikiendi kuwinda swala, usafiri, bunduki, mwongozaji na nyama ya kurudi nayo nyumbani, vyote ndani ya bei. Anataka nusu mapema, kwenye namba yake binafsi. Mdogo wangu na wenzake wa gereji walilipa. Siku yenyewe wakakaa stendi ya Nanenane tangu alfajiri mpaka jua likawa kali, simu ya jamaa haipatikani. Inauma, lakini wangepelekwa kweli porini yangekuwa makubwa zaidi.

Angalieni picha ya tangazo. Yule mnyama ana pembe zenye matawi kama mti. Huku kwetu hayupo porini! Tandala pembe zake zimejipinda, swala pala vilevile hazina matawi, dikidiki ana vijipembe vifupi tu. Yule ni wa Ulaya. Wazungu walimpeleka Australia na New Zealand karne ya 19, akazaliana mpaka akawa kero kwa mashamba na misitu, ndiyo maana huko watu wanahimizwa kumwinda. Jamaa amechukua picha ya huko pamoja na maneno ya huko: "ni waharibifu, kibali si lazima."

Hapa kibali ni lazima. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, hata akiingia shambani kwako. Ukikamatwa na nyama au ngozi huna kibali, hiyo ni nyara ya serikali, na kesi za namna hiyo hufunguliwa kama uhujumu uchumi. Mjue pia kwamba kuelekea Chemba na Kondoa kuna Pori la Akiba Swagaswaga, na askari wa wanyamapori wanalinda. Mwongozaji atakimbia, wewe mgeni wa njia utabaki na mzoga.

"Kibali" alichowatumia wakina mdogo wangu nimekiona: karatasi moja, muhuri wa bluu uliofifia, na maneno "aruhusiwe kuwinda". Mnyama gani, wangapi, eneo lipi, kuanzia lini mpaka lini, hakuna. Kibali halali kinataja hayo yote, na ada yake inalipwa serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo. Haiingii kwenye simu ya mtu.

Anayetaka kuwinda kihalali aulize TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Kama ulishatuma hela, usifute meseji wala muamala: nenda navyo polisi, na wajulishe mtandao wako wa simu leo hii. Mdogo wangu ameshafungua jalada. Mkiwa wengi, kumpata kutakuwa rahisi zaidi.