Kuchakaza vifaru vidogo: sponji au rangi ya mafuta?

Kuchakaza ni kukipaka kifaru cha mfano rangi kionekane kimetumika. Kama una kikosi kizima cha T-55 ndogo (kifaru cha Kisovieti) na wenzako wa Kampala wanataka kucheza vita vya mezani Jumamosi, chukua sponji. Nyofoa kipande cha godoro kuukuu, chovya kwenye rangi ya maji ya kahawia iliyokoza, futia karibu yote kwenye karatasi, kisha gusagusa kingo na vifuniko. Mikwaruzo hiyo, na inakauka upesi.

Rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini hupenya mianyani na kuleta kina ambacho sponji haikipati. Ila inadai vanishi kwanza, na kungoja sana. Mimi huiwekea kifaru cha kamanda peke yake.

Vumbi jekundu la murram kwenye minyororo? Brashi kavu, kwa njia zote mbili.