Feni ya mkanda au ya umeme?

Swali hili la feni ya kupoza injini haliishi kwa wenye Land Rover na Land Cruiser za zamani hapa Arusha. Kwa gharama, ya mkanda, inayozungushwa na injini, imeshashinda: ipo tayari kwenye gari. Ya umeme inataka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi, swichi ya joto, waya mnene, na alteneta (jenereta ya gari) yenye nguvu ya kuibeba.

Kwenye waya ndipo wengi wanapoharibu. Yangu ilifungwa kwa waya mwembamba. Napanda Ngorongoro, nikasikia harufu ya plastiki. Kishikio cha fyuzi kimeyeyuka, mshale wa joto unapanda. Ya mkanda haina tabia hiyo, ilimradi mkanda wenyewe ni mzima.

Ila kwenye foleni, ya mkanda huzunguka polepole kama injini. Ya umeme huvuta hewa kwa nguvu ileile. Na ukivuka mto unaizima, isirushe maji kwenye injini wala mapanga yake yasipinde yakaikwaruza rejeta, ile inayopoza maji ya injini.

Rejeta iliyoziba tope isafishwe kwanza, kabla ya kununua chochote. Anayepeleka wageni porini, mbali na fundi umeme, abaki na mkanda na abebe wa akiba. Anayeshinda mjini ya umeme itamfaa, mradi apate fundi anayejua kuchagua waya.