Kamusi ya mezani niliyoipima kwa neno 'run'

Kwa muda wa miezi mitano sasa nimeitumia kamusi hii ya Kiingereza na Kiswahili katika kazi yangu ya kutafsiri barua, mikataba na matangazo hapa katikati ya jiji la Nairobi. Niliinunua kwa shilingi 1,200, na kabla ya kulipa nilifanya kile ninachokifanya kila ninaposhika kamusi mpya: nilikwenda moja kwa moja kwenye kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, 'run'.

Neno hilo la herufi tatu halina mfano kwa wingi wa maana. Katika toleo la pili la kamusi kuu ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 kwa mabuku 20, neno lililochukua nafasi kubwa zaidi lilikuwa 'set'. Lakini wahariri walipolipitia upya neno 'run' kwa ajili ya toleo la tatu, walipata maana 645 za kitenzi peke yake, kazi iliyomchukua mhariri Peter Gilliver takriban miezi tisa. Kamusi ya mezani haiwezi kubeba mzigo wa namna hiyo, wala simdai mtunzi aubebe. Ninachomdai ni kwamba asiniachie 'kimbia' na kwenda zake, kwa sababu 'run' nyingi zinazofika mezani kwangu hazihusu miguu.

Hapo ndipo kamusi hii iliponivutia. Maana zake zimepangwa kwa kufuata kile kinachotenda: maji hutiririka, mtambo hufanya kazi, rangi ya kitambaa huchuja, barabara hupita mahali fulani, mwanasiasa hugombea, mwenye duka huliendesha, na aliyemaliza sukari nyumbani ameishiwa. Kila maana imepewa sentensi yake, na sentensi hizo ni za watu wanaoishi, si za kubandikwa tu ili ukurasa ujae. Mkataba wa miaka miwili, kwa mfano, umeelezwa kuwa 'utadumu' miaka miwili, kama wakili yeyote wa hapa angeandika. Sisi tunaopiga simu, kupiga pasi, kupiga kura na kupiga magoti kwa kitenzi kimoja tunaelewa vizuri kwamba neno hujulikana kwa jirani yake, na ni faraja kuona mtunzi aliyelizingatia hilo.

Kasoro yake kubwa imo katika lugha ya zahanati. Mwezi uliopita tulipokea kijikaratasi cha maelekezo kwa wazazi, chenye 'the runs' kwa maana ya kuhara, na kijana ninayefanya naye kazi, baada ya kuikosa maana hiyo katika kamusi, aliandika kwamba mtoto akipatwa na mbio apewe maji mengi. Tuliligundua kosa kabla ya kuchapa, lakini nilisikitika sana, kwa kuwa lile ni onyo ambalo mama angelihitaji usiku. Isitoshe, Kiswahili kina usemi ulio karibu mno na ule wa Kiingereza: husemwa mtoto anaendesha, au ana tumbo la kuendesha. Kamusi inalo 'endesha', ila kwa gari na biashara tu. Maana ya wateja kumiminika benki kutoa akiba zao kwa hofu haimo pia, na mtafsiri wa habari za uchumi ataitafuta bure.

Karatasi ni nzuri, maandishi ni madogo kwa macho yaliyochoka, na jalada limestahimili kufunguliwa kila siku.

Kwa mwalimu, mwanafunzi wa sekondari na karani wa ofisi, ningeshauri inunuliwe bila kusita. Mtafsiri wa masuala ya afya aiweke kando ya kamusi nyingine. Nakala yangu nimeiongezea 'tumbo la kuendesha' kwa penseli ukingoni, na wachapishaji nimewaandikia barua kuwaomba waliingize katika toleo lijalo.